Pombe ya Kushukuru Ng'ombe Tasa

Dancille wa Kibabi alikuwa na mikono miwili ya kazi na ulimi mmoja uliofanya kazi kuliko mikono yote miwili. Watu wa mlima ule walimpenda, ila kwa tahadhari, kama mtu anavyompenda jirani mwenye mbwa mkali. Akikusifu nguo yako, ulirudi nyumbani ukaitazama tena, mbele na nyuma. Padri wa misioni alimpa toba ya ulimi mara nyingi kuliko toba ya dhambi nyingine zozote, naye aliipokea kwa moyo mweupe, akasali rozari yake njiani huku akimcheka mtu fulani kimoyomoyo.

Ulimi huo ulimpa raha nyingi. Ulimponza mara moja tu, na siku hiyo nusura umchukulie mtoto.

Aliolewa na Védaste wakati Wazungu wakipigana huko kwao na watu wa milimani wakilimishwa pareto. Védaste alitoka katika ukoo wa wafugaji, kijana mrefu, mwenye sauti ya kuimba misa na miguu isiyopenda kukaa mahali pamoja. Alileta ng'ombe mmoja wa mahari, na ng'ombe huyo hakukaa hata mwaka, kwa maana Evode, kaka yake Dancille, alimtumia kuolea mke wake mwenyewe. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda: dada anaolewa ili kaka aoe. Mwaka 1945 akazaliwa Béata.

Védaste hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakutukana, hakulewa kupita wengine. Alikuwa tu na mkono uliojua kupokea na usiojua kutoa. Alianza kupanda kamyo, malori ya mizigo, kwenda Walikale na maharagwe na siagi, akirudi na mawese, na kila safari ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Mwishowe ikajulikana kwamba kule porini ana nyumba, na ndani ya nyumba mna mwanamke, na mwanamke ana mimba. Dancille hakulia mbele ya watu. Alimfunga Béata mgongoni, akachukua kibuyu chake cha kusukia maziwa, akarudi kwa kaka yake. Evode alimpokea bila neno. Angesema nini? Mke aliyekuwa akipika jikoni mwake alinunuliwa kwa ndoa ya dada yake.

Kesi ya mtoto ilisikilizwa mwaka 1947. Mzee wa tribinali, mahakama ya desturi, alikuwa Papa Habiyaremye, aliyevaa koti zito la kijivu jua liwe kali namna gani, na aliyefumba macho watu wakizungumza hata mgeni akadhani amelala. Hakuwa amelala. Aliposikia yote alifumbua macho akasema:

"Mutoto iko wa baba, juu ngombe ya mahari ilitoka. Lakini kulea mutoto haiko kazi ya bure. Védaste, utatoa ngombe moja ya indezo, na kila Pasaka utatuma kitambala na chumvi. Ukitoa indezo, siku mutoto atapata nguvu ya kubeba maji, utakuja kumuchukua. Kama haukutoa, atabakia kwa wenye walimulea. Njo desturi."

Indezo ndiyo malipo ya malezi. Kila mtu aliijua, wala hakuna aliyeuliza maana yake. Védaste alikubali kwa kichwa, upesi mno, na Dancille alipouona wepesi ule moyo wake uliingiwa na wasiwasi.

Baada ya wiki mbili Védaste alileta ng'ombe. Alikuwa Bihogo, jike wa rangi nyekundu iliyokoza, mwenye pembe nzuri na macho ya upole, na tasa kama jiwe la kusagia. Mlima mzima ulimjua Bihogo. Dume la kaka yake Védaste lilimpanda misimu mitatu bila mafanikio. Walikuwa wakingoja sikukuu tu wamchinje.

Evode alimzunguka yule ng'ombe mara mbili. "Shemeji, iyi inatoa maziwa?"

"Tribinali ilisema ngombe," alijibu Védaste. "Iyi iko ngombe. Iko na pembe, iko na mukia." Akamtupia Evode kamba, akaondoka akipiga mluzi.

Evode alitaka kumrudisha mnyama siku ileile. Dancille alikuwa ameketi mlangoni, Béata akinyonya titi lililokuwa limeanza kukauka, akamtazama Bihogo kwa muda mrefu. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Kisha likaja wazo, na wazo lile lilikuwa tamu kiasi kwamba alianza kucheka peke yake.

"Kaka, wacha," alisema. "Umutafutie mahali pa kulala. Miye nitaenda kumushukuru Védaste."

Sasa, kwa watu wa ng'ombe hakuna jambo lenye heshima kuliko shukrani hiyo. Ukipewa ng'ombe, hutulii mpaka umempelekea aliyekupa pombe, mbele ya majirani, ukasimama ukamsifu yeye na mnyama wake, ukamaliza kwa maneno ya kufunga shukrani, kwamba umetoa majani. Akinywa, mambo yamekwisha. Ng'ombe amepokelewa. Lakini tangu mababu hakuna aliyewahi kusikia mtu akitoa majani kwa ajili ya ng'ombe tasa, na huo ndio uliokuwa utamu wa wazo la Dancille.

Ndizi alizipata kwa jirani yake Adelaïde, mwanamke wa Kihunde mwenye shamba la migomba bondeni na kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya mto. Adelaïde aliposikia mpango wenyewe alikata mikungu minne bila kuombwa mara ya pili. Walizivundika, wakakamua, wakaacha maji yachachuke, na Jumapili baada ya misa walibeba kasiksi, pombe ile ya ndizi, vichwani mpaka nyumbani kwa kina Védaste. Nyuma yao uliwafuata mkia wa watu, maana habari ilikuwa imekwisha kuenea kanisani kabla ya komunyo. Hata Papa Habiyaremye alikuwako, na koti lake.

Dancille alisimama katikati ya ua. Alivaa nguo yake safi, akapiga magoti nusu, kama inavyopasa.

"Papa Béata, Mungu akubariki! Umenipa ngombe yenye haitanichokesha na kukamua. Kibuyu yangu haitavunjika. Paka haitakuja kuniiba maziwa. Mutoto wako atakunywa pembe, na kama angali na njaa, atakula mukia. Ngombe ya kweli, mukono wa kweli! Nimetoa majani."

Ua mzima uliangua kicheko. Mama mmoja alilazimika kukaa chini. Védaste alisimama na kibuyu cha pombe mkononi, akatazama huku na huku. Kukataa kungekuwa kukubali kwamba amedhihakiwa. Basi naye akacheka, akanywa, akafuta mdomo, akampitishia Habiyaremye, na Habiyaremye akanywa pia, kwa sababu pombe ilikuwa nzuri. Dancille alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba, Mungu amsamehe, siku ile ilikuwa tamu kuliko siku ya ndoa yake.

Wiki iliyofuata Védaste alihamia Walikale moja kwa moja. Pasaka ikaja, hakukuwa na kitambaa wala chumvi. Ikaja ya pili. Dancille alituma salamu kupitia madereva wa kamyo mara mbili, mara tatu, kisha akaacha. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Védaste hata mtupu haukuonekana.

Aliishi vipi? Kwa kibuyu. Wafugaji wa juu walikuwa na maziwa mengi kuliko wanawake wa kuyasuka, na Dancille alikuwa na mapaja imara. Alfajiri alipanda kwao, akaketi juu ya ngozi, akakilaza kibuyu mapajani akakisukuma na kukivuta, akikisikiliza mpaka sauti ya maji ibadilike iwe nzito. Wengine walifungua mara kumi kuchungulia. Yeye alifungua mara moja tu, na siagi ilikuwa tayari. Hakulipwa siagi wala fedha. Alilipwa maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa, nayo yalimtosha Béata na kibuyu kidogo cha Adelaïde. Na kwa kuwa mikono na mapaja vilikuwa kazini, ulimi ulikuwa huru. Wenye ng'ombe walisema wanamwita kwa siagi, lakini wake zao walijua kwamba wanamwita kwa habari.

Na Bihogo? Bihogo alikula na kunya. Samahani, hakuna namna nyingine ya kulisema. Shamba la Evode lilikuwa la mawe na udongo mwekundu uliochoka, mahali ambapo maharagwe yaliota kwa kuona haya. Kila asubuhi Dancille alikusanya kinyesi cha Bihogo katika kikapu, akakichanganya na majani makavu, akakifukia mstari kwa mstari. Evode alimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili viazi vilitoka vikubwa kama visigino vya mtu mzima, akaacha kucheka, akaanza kumkatia Bihogo majani mwenyewe. Mwaka wa tatu Dancille alikuwa akishuka na kabichi mpaka Kirotshe, ambako wapishi wa Wazungu walimjua na kumwogopa.

Béata alikulia mgongoni mwa yule ng'ombe. Akiwa na miaka minne alimwita dada. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho ya kuangalia sana. Adelaïde alisema maneno yote ya nyumba ile mama yake ameyamaliza, mtoto hakubakiziwa hata moja.

Kisha, mwaka 1951, Bihogo akazaa.

Hakuna aliyejua ilikuwaje. Evode alisema ni dume la jirani, lililoruka ua. Adelaïde alisema ni kabichi. Padri alisema ni Mungu. Ndama alikuwa jike wa rangi ya kahawia inayong'aa, wakamwita Gaju. Dancille alikamua maziwa ya kwanza, na alipompa Béata anywe, alilia mpaka machozi yakaingia chomboni. Miaka minne alikuwa amesuka maziwa ya watu. Haya yalikuwa yake. Miaka miwili baadaye Bihogo akazaa tena, dume safari hii. Sasa walikuwa watatu, na watu waliomcheka Dancille walianza kumwamkia kwa sauti nyingine.

Habari ya maziwa husafiri. Ilipanda kamyo, ikapita mlima na msitu, ikafika Walikale.

Védaste alikuja mwaka 1955, katika msimu wa kuvuna maharagwe. Alikuwa amenenepa kidogo na alivaa viatu. Mkononi alishika pakiti ya sukari. Béata alikuwa akirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, akampita getini akimwamkia kama mgeni yeyote. Védaste aliutazama mtungi.

"Amepata nguvu," alimwambia Dancille. "Nimekuja kumuchukua. Kule bibi yangu amezaa mapacha, anahitaji mutu wa kumusaidia. Na kisha, miaka haiko mingi, atapata muchumba."

Dancille alikuwa akipura maharagwe. Hakuinuka. "Utamuchukua na nini? Pasaka nane sikuona kitambala. Chumvi sikuona. Indezo gani ulitoa?"

"Bihogo."

"Bihogo ilikuwa tasa!"

"Ilikuwa tasa, ukaipokea. Weye mwenyewe ulileta kasiksi, Mama Béata, mbele ya bantu yote. Ulisema, 'Nimetoa majani.' Nilikunywa. Unafikiri bantu wamesahau?" Védaste alitabasamu, bila ubaya, kama mtu aliyekuta funguo mfukoni. "Tutaonana tribinali, siku ya Ine."

Aliacha sukari juu ya jiwe akaenda kulala kwa kaka yake. Dancille alibaki ameshika fimbo ya kupuria. Aliogopa. Ulimi uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo wazee, lakini wazee hawakusema kwamba ungeweza kumponza mtoto wa mtu.

Kesho yake alikwenda shambani na Evode na Adelaïde, wakajadiliana wameinama juu ya viazi.

"Tuseme Bihogo haiko indezo," alisema Adelaïde. "Tuseme ilikuwa mchezo."

"Habiyaremye alikunywa," alisema Evode. "Pombe yenye imekunywiwa haizoleki." Alichimba kidogo, kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake tangu jana. "Dada, unisikilize bila kukasirika. Mutoto mwanamuke, leo ao kesho, ataolewa. Miaka sita, saba, ataenda. Ngombe zitabakia. Ni tatu, na Gaju anabeba mimba. Kama tutanyamaza, ngombe iko yetu kabisa. Hakuna muntu ataiuliza tena."

Adelaïde aliacha kuchimba, akangoja mlipuko. Haukuja.

"Ni kweli, kaka," alisema Dancille taratibu. "Ataenda. Lakini ataenda siku yenye ataona muntu wa kwenda naye. Si kubeba mapacha ya bantu huko Walikale." Akapangusa mikono. "Na tena umesema ngombe iko ngapi?"

"Tatu."

"Na Védaste hajaziona."

Evode hakuelewa, na Dancille hakumweleza. Alhamisi, ile siku ya Ine ya tribinali, aliamka mapema akawaosha ng'ombe wote watatu. Akazipaka pembe za Bihogo siagi mpaka zikang'aa. Gaju alikuwa bado hajazaa, lakini kiwele chake kilikuwa kimeanza kujaa. Alikifuta kwa kitambaa chenye maji ili kionekane vizuri. Kisha akampa Béata kamba, wakashuka wote kwenda tribinali, Evode nyuma akinung'unika kwamba Bihogo peke yake angetosha kuwa ushahidi.

Ng'ombe walifungwa nje, mbele kabisa ya mlango, na Béata akasimama pamoja nao. Papa Habiyaremye alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa lilelile. Alifumba macho, akamsikiliza Védaste, akamsikiliza karani akisoma hukumu ya zamani, kisha akasema macho yakiwa bado yamefungwa:

"Ile kasiksi naikumbuka. Ilikuwa ya ndizi ya muzuri. Mama Béata, ulitoa majani ao haukutoa?"

Watu walijaa mlangoni. Dancille alisimama. Wote walitaka aseme lolote kati ya yale maneno yake, na walikuwa wameshaanza kutabasamu.

"Nilitoa, Papa."

"Kwa kweli, ao kwa kucheka?"

"Kwa kucheka. Lakini desturi haicheki. Nilikosa. Nilichezea kintu yenye haichezewi, na leo inanidai mutoto." Akageuka akaonyesha nje. "Indezo nilipokea. Sasa ninairudisha. Bihogo njo ile pale. Na ngombe haitembei peke yake kurudi kwao. Na watoto wake njo wale. Sitabakiza hata ukwato. Yeye achukue indezo yake, miye nibakie na malezi yangu."

Evode alishika kichwa. Habiyaremye alifumbua macho yote mawili.

"Umesikia, Védaste? Indezo ikirudi, ni kama haukutoa. Mutoto atabakia kwa wenye walimulea, na siku ya ndoa yake ngombe ya mahari itaingia kwa kaka yake Dancille, si kwako. Siwezi kukulazimisha kupokea. Desturi inasema weye njo wa kuchagua. Mutoto, ao ngombe."

Védaste aligeuka akatazama nje. Pale mlangoni, katika mwanga wa asubuhi, walisimama Bihogo na pembe zake za siagi, na Gaju mwenye tumbo la mimba, na dume changa lenye shingo nene. Mbele yao alisimama msichana wa miaka kumi, kamba mkononi, akimtazama baba yake usoni. Macho ya Védaste yalipita juu ya kichwa cha mtoto yakatua kwenye kiwele cha Gaju, yakakaa hapo. Watu wote waliona. Béata pia aliona.

"Iyi moja ina mimba ya miezi ngapi?" aliuliza Védaste.

Hapo hukumu ilikuwa imekwisha. Karani alichovya kalamu.

Walirudi Kibabi na kamba tatu tupu. Evode alitembea mbele, mbali nao. Dancille alihuzunika kwa ajili ya Bihogo. Alikuwa amemzoea kwa miaka minane na alimjua kwa kikohozi chake. Lakini chini ya huzuni ile palikuwa na furaha kubwa, tulivu, iliyomfanya atake kukaa chini njiani. Alimshika mtoto mkono, na alimshika mpaka nyumbani, ingawa msichana wa umri ule huona haya kushikwa mkono.

Mambo hayakuharibika. Mwezi uleule alirudi kwa wafugaji na kibuyu chake, na wake zao wakampokea kwa vigelegele, kwa sababu miaka minne alipokuwa na maziwa yake mwenyewe hawakuwa wamepata habari za maana. Na shamba lilibaki. Tribinali ilirudisha pembe, mikia na kwato, lakini haikuweza kurudisha kinyesi cha miaka minane kilichofukiwa katika ardhi ya Evode. Viazi viliendelea kutoka vikubwa. Evode alinuna msimu mmoja, akavuna, akasahau kununa. Kuhusu Bihogo, ilisikika kwamba kwa kaka yake Védaste hakuzaa tena hata mara moja, na Dancille aliposikia hilo alikwenda kuungama, maana alikuwa amefurahi kupita kiasi.

Béata hakuuliza lolote kwa miaka mitatu. Kisha siku moja mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na mitatu na mrefu kama baba yake, walikuwa wakipanda viazi wawili peke yao, mama akichimba na binti akiweka mbegu, Béata aliponyoosha mgongo akasema:

"Mama. Yeye alichagua ngombe."

Dancille aliendelea kuchimba. Alijua maneno hayo yangekuja. Alikuwa ameyangoja tangu siku ile ya tribinali, na alikuwa ametengeneza majibu ishirini, mengine ya kumchekesha mtu mpaka akae chini. Hakutumia hata moja.

"Njo vile, mwanangu. Alichagua."

"Na weye ulitoa zote tatu."

"Nilitoa."

Béata aliweka mbegu moja, akaifunika kwa mguu. "Na kama angesema tatu haitoshi? Kama angeomba ine?"

Dancille alisimama, akaegemea jembe. Alitazama bondeni, kwa Adelaïde, moshi ukipanda katika migomba, kisha juu, kwa wafugaji, nyumba kwa nyumba, kama anayehesabu milango.

"Ya ine sikukuwa nayo," alisema. "Ningeenda kuiomba kwa bantu."

Akainama akachimba shimo lingine, na Béata akaweka mbegu.